Komamanga, Chai na Mitishamba: Kemikali za Mimea na Upungufu wa Oksijeni kwa Mtoto Aliye Tumboni

Mama mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba mtoto wake hakui ipasavyo hutoka mle ndani akiwa na swali moja: ale nini, anywe nini? Majibu humfikia kabla hajafika nyumbani. Jirani humshauri juisi ya komamanga. Wifi humletea majani ya kuchemsha. Muuza dawa za asili humwonesha chupa inayodaiwa kusafisha damu na kumwongezea mtoto hewa. Mhudumu wa afya akiulizwa kuhusu vitu hivyo, mara nyingi hujibu kwa mkato, ama kwamba havina madhara, ama kwamba viachwe vyote. Majibu yote mawili ni mafupi mno.

Ushauri wa jirani una chanzo chake. Kwa takriban miaka ishirini sasa, maabara kadhaa duniani zimechunguza iwapo kemikali zinazotengenezwa na mimea, hasa zile za kundi la polifenoli, zinaweza kukinga ubongo wa mtoto dhidi ya upungufu wa oksijeni kabla ya kuzaliwa au wakati wa kuzaliwa. Kwa wanyama, matokeo yalitia moyo. Kwa binadamu mambo hayakwenda hivyo. Mama na mkunga wanahitaji kulijua pengo lililopo kati ya hayo mawili, kwa sababu miongoni mwa mimea imo inayokinga, imo isiyofanya lolote, na imo inayoweza kuleta upungufu ule ule unaoogopwa.

Mtoto anaishi kwa oksijeni kidogo

Kijusi hakivuti hewa. Oksijeni yake yote hutoka katika damu ya mama, huvuka utando mwembamba wa kondo la nyuma, kisha hupita katika kiungamwana, yaani kamba ya kitovu, hadi mwilini mwake. Katika ateri za mama, shinikizo la oksijeni hukaribia milimita 100 za zebaki; katika damu inayotoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto ni takriban milimita 30. Mtu mzima mwenye kiwango hicho angelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Kijusi hukistahimili kwa kuwa hemoglobini yake ni ya aina ya pekee, inayonasa oksijeni kwa nguvu kuliko ile ya mtu mzima, na kwa kuwa moyo wake husukuma damu nyingi ukilinganishwa na uzito wa mwili wake. Akiba yake, hata hivyo, ni ndogo. Kinachompunguzia mama pumzi kidogo tu kinaweza kumfikisha mtoto kwenye hatari.

Upungufu huo huja kwa njia mbili. Upo ule wa polepole, unaochukua wiki au miezi. Katika shinikizo la damu la ujauzito, mishipa inayopeleka damu kwenye kondo hukosa kupanuka tangu miezi ya mwanzo, na kondo hubaki na njaa ya damu. Vimelea vya malaria hujificha ndani ya kondo, hata pale kipimo cha damu ya kidoleni kinapoonesha kuwa mama hana malaria. Upungufu wa damu hupunguza vibebeo vya oksijeni. Moshi wa kuni, mkaa na sigara una kaboni monoksaidi, gesi inayoshikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Katika miji ya milimani kama La Paz nchini Bolivia, iliyo mita zipatazo 3,600 juu ya usawa wa bahari, watoto huzaliwa na uzito mdogo kwa wastani, kwa sababu hewa yenyewe ni nyepesi.

Njia ya pili ni ya ghafla, nayo huhesabiwa kwa dakika: kiungamwana kubanwa, kondo kubanduka kabla ya wakati, au mfuko wa uzazi kujikaza mfululizo bila kupumzika. Kila uchungu unapokaza, damu inayoingia kwenye kondo hupungua au husimama. Mtoto huvumilia kwa sababu kati ya uchungu mmoja na mwingine kuna nafasi ya kujaza tena akiba. Nafasi hiyo ikitoweka, uvumilivu wake huisha upesi.

Oksijeni inapopungua polepole, kijusi hufanya uamuzi wa kimaumbile: huelekeza damu kwenye ubongo, moyo na tezi za adrenali, na kuvinyima viungo vingine. Ndiyo maana mtoto aliyekosa lishe tumboni huweza kuzaliwa akiwa na kichwa cha kawaida na mwili mwembamba. Inapopungua ghafla, ubongo nao hauponi, na madhara yake huja kwa mawimbi mawili. Kwanza seli hukosa nishati, nyingine zikafa papo hapo. Kisha oksijeni inaporudi huzalishwa kwa wingi radikali huru, yaani molekuli zenye kiherehere cha kuunguza mafuta, protini na vinasaba vya seli. Saa kadhaa baadaye, seli zilizonusurika wimbi la kwanza huanza kujiua zenyewe kwa utaratibu maalumu. Wimbi hili la pili ndilo lililowavuta watafiti wa kemikali za mimea, kwa kuwa polifenoli ni antioksidanti, yaani huweza kuzima radikali huru na, muhimu zaidi, kuiamsha seli itengeneze vizimio vyake yenyewe.

Panya wa St. Louis

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio ambalo hadi leo hutajwa karibu kila komamanga linaposifiwa kwa wajawazito. Panya wenye mimba walipewa maji yaliyochanganywa na juisi ya komamanga katika theluthi ya mwisho ya mimba na wakati wa kunyonyesha. Watoto wao walipofikisha siku saba, umri ambao ubongo wa panya hukaribiana kimakuzi na ule wa mtoto wa binadamu anayekaribia kuzaliwa, walifungwa ateri moja ya shingo kisha wakawekwa katika hewa yenye oksijeni kidogo. Watoto ambao mama zao walikunywa juisi walipoteza tishu chache za ubongo kuliko wenzao. Hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizonusurika zaidi. Dalili za seli kujiua nazo zilipungua sana, na asidi ya elagiki, mojawapo ya polifenoli za komamanga, ilipatikana katika damu ya watoto waliohusika.

Hayo ni matokeo ya kweli na ya kuheshimiwa. Lakini wanaoyanukuu husahau masharti ya jaribio lenyewe. Panya hao walikunywa kinga kabla ya madhara kutokea, na madhara yenyewe yalitokea baada ya kuzaliwa, kwa saa iliyopangwa na mtafiti. Hakuna mama anayejua saa ya mtoto wake kukosa oksijeni.

Jambo jingine ni safari ya kemikali hizo mwilini. Polifenoli za komamanga ni molekuli kubwa zinazofyonzwa kwa shida. Sehemu kubwa hufika kwenye utumbo mpana, ambako bakteria huzivunja na kuzigeuza kuwa kemikali nyingine ziitwazo urolithini, na hizo ndizo zinazoingia kwa wingi katika damu. Bakteria wenye uwezo huo hawamo katika matumbo ya watu wote. Wanawake wawili wakinywa glasi zinazolingana za juisi kutoka tunda moja, mmoja anaweza kuwa na urolithini nyingi katika damu na mwingine asiwe nazo kabisa. Kwa hiyo hata kipimo sahihi cha juisi, kama kingekuwepo, kisingekuwa na maana ileile kwa kila mama.

Majaribio mawili yaliyosubiriwa kwa hamu yalifanyika Marekani, kwa wanawake ambao vijusi vyao vilikuwa vimethibitika kutokua ipasavyo. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilikunywa juisi ya komamanga kila siku hadi kujifungua, jingine kinywaji kilichofanana nayo kwa ladha na rangi lakini kisicho na polifenoli zake. Watoto walipozaliwa, bongo zao zilipigwa picha za MRI. Katika taarifa zilizochapishwa mwaka 2019 na 2021, ukubwa wa ubongo haukutofautiana kati ya makundi hayo mawili; majeraha hayakutofautiana katika taarifa ya 2019, lakini katika ile ya 2021 yalikuwa machache katika kundi la komamanga, na watafiti wenyewe waliyaita matokeo hayo ya awali. Katika taarifa ya 2019 tofauti ndogo zilionekana katika mpangilio wa nyuzi nyeupe za ubongo na katika mawasiliano kati ya sehemu zake. Huenda tofauti hizo zina faida kwa mtoto anapokua, huenda hazina. Mhudumu anayemwambia mama kwamba komamanga limethibitika kumkinga mtoto anasema jambo ambalo majaribio hayo hayakulithibitisha.

Komamanga si mfano wa pekee wa matumaini ya antioksidanti kuvunjika. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililohusisha wanawake 2,410 waliokuwa katika hatari ya kupata shinikizo la damu la ujauzito. Nusu yao walipewa vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E uniti 400 kila siku. Ugonjwa haukupungua. Kilichoongezeka ni watoto wenye uzito mdogo, kutoka asilimia 24 hadi asilimia 28. Hoja ya kimaabara ilikuwa nzuri kama ile ya komamanga, pengine nzuri zaidi, na bado mwili wa mjamzito ulikataa kuifuata.

Kinga inapogeuka

Pale ambapo kemikali ya mmea haikufanya kazi, hasara ya mama ni fedha na muda. Zipo hali ambazo hasara ni kubwa kuliko hiyo.

Resveratroli ni polifenoli inayopatikana katika ganda la zabibu nyekundu na katika karanga, na huuzwa kama vidonge. Watafiti wa Marekani waliwapa tumbili wa Kijapani wenye mimba waliokuwa wakila chakula chenye mafuta mengi. Mwaka 2014 walieleza kwamba mtiririko wa damu kwenda kwenye mfuko wa uzazi uliongezeka, jambo ambalo ndilo hasa lililotarajiwa. Walipochunguza vijusi, walikuta kongosho limekua kupita kiasi, kwa asilimia 42. Kemikali iliyofungua mishipa ya mama ilivuka kondo na kugusa kiungo ambacho hakuna aliyekuwa akikifikiria. Tumbili ni jamaa wa karibu wa binadamu kuliko panya, na kidonge cha resveratroli bado kinauzwa bila cheti cha daktari.

Kutoka Porto Alegre, Brazil, lilikuja onyo jingine. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, ili damu isipoteze safari kwenda kwenye mapafu ambayo bado hayatumiki. Mshipa huo hubaki wazi kwa msaada wa kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huzuia prostaglandini, na ndiyo sababu mjamzito hukatazwa kuzitumia, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Madaktari wa moyo wa Porto Alegre walikutana na vijusi ambavyo mshipa huo ulikuwa umebana ilhali mama hawakuwa wametumia dawa hizo. Waliokuwa wakitumia kwa wingi chai ya mitishamba, chai ya kijani, juisi ya zabibu na chokoleti nyeusi walishauriwa kupunguza, na baada ya wiki kadhaa mshipa ulifunguka kwa walio wengi mno. Wanawake hao hawakugawanywa kwa bahati nasibu, hivyo ushahidi wake una mipaka. Lakini maelezo yake yanaingia akilini: polifenoli nyingi hupunguza uvimbe kwa njia ileile ya dawa za maumivu. Sifa inayoandikwa kwenye chupa kwa herufi kubwa ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuubana mshipa wa mtoto.

Katika Afrika Mashariki jambo la karibu zaidi ni kikombe cha chai. Tanini zilizomo katika majani ya chai ni polifenoli pia, nazo hushikamana na madini chuma ya mbogamboga, maharage na nafaka, zikayazuia yasifyonzwe. Chai ikinywewa pamoja na mlo, ufyonzaji wa madini hayo unaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ina tabia hiyo. Kwa mama ambaye hemoglobini yake iko chini ya gramu 11 kwa desilita, na ambaye nyama ni ya sikukuu, chai ya rangi juu ya ugali na mchicha ni sehemu ya maelezo ya kwa nini vidonge vya kliniki havimpandishi damu. Hapa kemikali ya mmea inampunguzia mtoto oksijeni kimyakimya, na tiba yake haina gharama: chai inywewe saa moja au zaidi kabla au baada ya chakula na vidonge, na mlo uambatane na chungwa, embe, limau au tunda jingine lenye vitamini C.

Majani ya kuharakisha uchungu

Hatari iliyo kubwa kuliko zote iko katika mimea inayokaza mfuko wa uzazi, na kisa chake bora kinatoka Congo. Katika miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi ya msaada wa kitabibu nchini humo. Aliona wanawake wakipewa chai ya mmea mdogo uitwao kisayansi Oldenlandia affinis ili kuharakisha kujifungua. Wenyeji waliiita kalata-kalata. Gran alirudi na sampuli, akatenga kiambato chake na kukipa jina la kalata B1. Mwaka 1995 umbo lake lilifahamika: protini ndogo ya asidi amino 29 ambayo ncha zake zimeungana kuwa duara, huku mafundo matatu ya salfa yakiifunga katikati. Kwa umbo hilo haiharibiki kwa kuchemshwa wala haimeng'enywi kirahisi tumboni. Bibi aliyeichemsha sufuriani hakujua lolote kuhusu asidi amino, lakini alijua vizuri kwamba chai yake inafanya kazi.

Tatizo ni kwamba inafanya kazi bila breki. Hospitalini, oksitosini hutiwa matone kwa matone. Uchungu ukizidi, mrija hufungwa na baada ya dakika chache nguvu ya dawa hupungua. Kikombe kilichokwisha kunywewa hakifungiki. Kiasi cha kiambato hutofautiana kwa udongo, majira, sehemu ya mmea iliyotumika na muda wa kuchemsha. Mfuko wa uzazi ukikaza bila kuachia, mtoto hukosa ile nafasi ya kujaza akiba, na mama aliyewahi kupasuliwa huweza kuchanika kovu.

Desturi ya namna hii haikubaki Congo. Utafiti uliofanyika mkoani Kigoma, Tanzania, kati ya mwaka 2014 na 2016 uliwakuta wanawake waliotumia mitishamba wakiwa wajawazito au wakati wa uchungu, na maeneo mengine ya Afrika yana mimea na majina yake. Mara nyingi mama hufika wodini uchungu ukiwa umeshika kasi isiyo ya kawaida, majimaji yamebadilika rangi, na hakuna anayemwambia mkunga kilichonywewa njiani. Ukimya huo si ukaidi wa akina mama peke yao. Swali likiulizwa kwa sauti ya mwendesha mashtaka, jibu litakuwa hapana.

Mimea iliyofaulu mtihani

Ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mimea haijamkinga mtoto aliye tumboni. Imemkinga, na kwa kiasi kikubwa, lakini si kwa njia ya sufuria.

Mwaka 1763 kasisi wa Kiingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society kuhusu magome ya mti wa jamii ya Salix aliyoyatumia kutuliza homa. Kiambato chake, salisini, kilitengwa mwaka 1828, na mwaka 1897 kemikali iliyotokana na utafiti huo ikatengenezwa katika umbo safi: aspirini. Mwaka 1979 madaktari waliona kuwa wajawazito waliokuwa wakitumia aspirini mara kwa mara walipata shinikizo la damu la ujauzito kwa nadra. Majaribio yakafuata, mengine yakikatisha tamaa, hadi mwaka 2017, jaribio liitwalo ASPRE lilipowapa wanawake walio katika hatari kubwa miligramu 150 kila usiku, kuanzia wiki ya 11 hadi ya 14 ya mimba na kukoma wiki ya 36. Waliopata ugonjwa huo na kulazimika kujifungua kabla ya wiki ya 37 walikuwa asilimia 1.6, wakati katika kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 4.3. Mtoto ambaye kondo lake limepata damu ya kutosha tangu mwanzo hahitaji kutafutiwa kinga ya ubongo mwezi wa nane.

Izingatiwe kwamba ni dawa ileile ambayo kwa kipimo kikubwa mwishoni mwa mimba ingebana mshipa wa moyo wa mtoto. Kipimo kidogo, muda maalumu na mama aliyechaguliwa kwa sababu zinazojulikana ndivyo vilivyoigeuza kuwa kinga. Aliyewahi kupata shinikizo la damu la ujauzito au kifafa cha mimba, mwenye shinikizo la kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au mimba ya mapacha anapaswa kuulizia aspirini mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 16. Asijinunulie mwenyewe.

Mfano wa pili ni pakanga. Tu Youyou wa China alitenga artemisinini kutoka kwa Artemisia annua katika miaka ya 1970 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Leo dawa mseto zitokanazo nayo hutibu malaria kwa wajawazito, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mseto wa artemetha na lumefantrini hata katika miezi mitatu ya kwanza. Shirika hilo hilo halipendekezi chai ya pakanga kwa kutibu wala kukinga malaria, kwa kuwa kiasi cha artemisinini kikombeni hubadilika na mara nyingi hakitoshi. Mama anayekunywa chai hiyo badala ya vidonge hupata nafuu ya homa, huku vimelea vikibaki kwenye kondo.

Mkunga na mama mezani

Mama aliyeambiwa mtoto wake ni mdogo, na anayeuliza kuhusu komamanga, anastahili jibu lenye sehemu mbili. Tunda lenyewe, kama anaweza kulipata, ni chakula kizuri na hakuna sababu ya kumkataza. Fedha ya kununua chupa ya dondoo au vidonge vya polifenoli ni afadhali inunue mayai, dagaa na nauli ya kliniki. Chai za mitishamba za kila siku, hata zile zinazosifiwa kama choya, zisiwe mbadala wa maji, hasa kuanzia mwezi wa saba. Viungo vinavyowekwa katika pilau si dawa na havihitaji kuogopwa.

Kisha aangaliwe yale yanayomletea mtoto oksijeni moja kwa moja: shinikizo la damu lipimwe kila hudhurio, pamoja na protini katika mkojo, hemoglobini ijulikane kwa namba, badala ya kukisiwa kwa rangi ya macho, vidonge vya madini chuma na asidi foliki vinywewe kila siku, dozi za SP zitolewe kuanzia miezi mitatu ya kati kwa nafasi ya angalau mwezi mmoja, isipokuwa kwa mama anayetumia kotrimoksazoli, chandarua chenye dawa kitumike, jiko lihamishwe mahali penye hewa. Orodha hii haina mvuto wa chupa mpya, na huenda ndiyo maana husomwa haraka na kusahaulika. Mtoto akipunguza kucheza, mama akipata maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, damu kutoka au maji kupasuka yakiwa na rangi ya kijani, aende kituoni siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kadi.

Kuhusu mitishamba ya uchungu, swali liulizwe mapema, mwezi wa saba au wa nane, mbele ya mama mkwe au shangazi ikiwezekana, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye kuamua. Liulizwe kwa namna isiyotisha: katika familia yenu, mama akikaribia kujifungua hupewa nini? Jina la mmea liandikwe kwenye kadi.

Mama akifika wodini akiwa tayari amekunywa, uchungu uhesabiwe kwa mkono juu ya tumbo kwa dakika kumi kamili. Ukizidi mara tano, au tumbo likawa halilegei kati ya uchungu mmoja na mwingine, alazwe kwa ubavu wa kushoto, daktari aitwe au rufaa ianze kupangwa mara moja, na mapigo ya moyo wa mtoto yasikilizwe mara kwa mara, hasa baada ya kila uchungu. Chini ya 110 au zaidi ya 160 kwa dakika si ya kusubiriwa. Oksitosini ya kuongeza uchungu isitundikwe, hata kama njia inafunguka taratibu. Vifaa vya kumsaidia mtoto kupumua viwe tayari mezani kabla hajatoka, na anayempokea aambiwe kilichonywewa, kiasi gani, na saa ngapi.